Pensheni Ikifika Chita: Utangulizi wa Somo la Mafao ya Ulemavu Yanayovuka Mipaka

Mtu amepata ulemavu, kwa ajali kazini au kwa maradhi, na kila mwezi analipwa mafao na nchi anayoishi. Siku moja anaamua kurudi kwao, au kumfuata mwanawe nchi nyingine. Akishavuka mpaka, malipo yale yamfuate au yakatwe? Swali ni fupi, lakini majibu yake yamejaza sheria, mikataba na hukumu za mahakama, na ndilo lililozaa somo ambalo utangulizi huu unakukaribisha. Uwe umesomea sheria, uchumi, uuguzi au ustawi wa jamii, kazi ya kufanya humu ipo. Na kama wewe mwenyewe unaishi na ulemavu, utakuta humu mambo unayoyajua kuliko wengi wetu tunaoyaandikia.

Wanafunzi wengi huanzia Canberra, Brussels au Geneva, kwa kuwa huko ndiko zilikoandikwa sheria nyingi za jambo hili. Mimi nakuomba uanzie Chita. Chita iko chini ya milima ya Udzungwa, katika bonde la Kilombero, njiani kutoka Ifakara kwenda Mlimba. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanaijua kwa kambi yake, wanunuzi wa mchele wanaijua kwa mpunga, na abiria wa reli ya TAZARA wanaijua kama mojawapo ya vituo vya bondeni. Sababu ya kuichagua ni kwamba sheria za mafao huandikwa na watu wanaomtazama mlipwaji akiondoka. Wanajiuliza kwa nini waendelee kumlipa mtu ambaye hayupo. Anayekaa Chita humwona akifika. Anaona nani anamshusha garini, nani atamwogesha, choo kiko umbali gani na mlango wake una upana gani, maji yanachotwa wapi, na dada yupi ameacha palizi ya mpunga katikati ili akae naye.

Ukitazama kutoka upande huo, jambo moja linajitokeza ambalo ndilo uti wa hoja yangu yote. Mwenye ulemavu mkubwa haishi kwa fedha peke yake. Anaishi kwa fedha pamoja na mikono ya watu. Mara nyingi fedha ziko nchi moja na mikono iko nchi nyingine. Sheria inayosema ukiondoka hulipwi inamlazimisha achague kimoja, na hakuna anayeweza kuishi vizuri kwa kimoja tu.

Kabla hujachukua msimamo, itakubidi ujue kwamba mafao ya ulemavu si ya namna moja. Yapo yanayotokana na deni: mtu alichanga, au aliumizwa akimtumikia mtu, sasa anadai chake. Yapo yanayotokana na mahitaji: hakuchanga, lakini jamii imeona hawezi kujimudu, inamsaidia kutoka kwenye kodi. Sheria nyingi za dunia huyaacha ya kwanza yasafiri na kuyafunga ya pili nyumbani. Uingereza inaonyesha hili waziwazi. Chukua watu watatu waliokatwa mguu mmoja mmoja, wote wakitaka kuhamia Tanzania. Wa kwanza alikuwa askari: pensheni yake ya ulemavu wa vita italipwa popote duniani. Wa pili aliumia kiwandani: fao lake la ajali ya kazini nalo litamfuata. Wa tatu alipoteza mguu kwa kisukari, na analipwa yale malipo ya kumsaidia mwenye ulemavu kujimudu yanayojulikana kama PIP. Huyu akisafiri kwa muda anaruhusiwa majuma 13, au 26 kama amekwenda kutibiwa. Akihama moja kwa moja kuja Tanzania, malipo yanakoma. Mguu uliokosekana ni uleule, na ngazi za nyumbani ni zilezile. Kinachotofautiana ni kisa cha namna ulivyopotea.

Kuna wanazuoni wanaoutetea mgawanyo huu, na usiwapuuze. Wanasema msaada wa mahitaji umepimwa kwa gharama za maisha za pale unapotolewa: kodi ya nyumba ya London, nauli ya London, joto la nyumba wakati wa baridi. Mtu akihamia mahali ambapo chakula ni rahisi, kwa nini apewe kipimo cha London? Hoja ina uzito. Uholanzi iliifanyia kazi. Tangu Januari 2000 sheria yake ikaanza kuzuia mafao kulipwa katika nchi ambazo haina mkataba nazo, na mwaka 2012 ikaanza kupunguza baadhi ya mafao kwa kufuata gharama za maisha za nchi anakoishi mlipwaji. Lakini hoja hii inatetea kupunguza, haitetei kukata. Tena anayedhani ulemavu ni rahisi kijijini hajawahi kununua tairi la kiti cha magurudumu na kulisubiri litoke Dar es Salaam, wala hajaiona barabara ya Mlimba ikikatika masika mgonjwa akiwa na miadi Ifakara.

Tuitazame Australia, kwa sababu ndiyo nchi ambayo wanafunzi wangu huisoma kwa hisia kali. Pensheni yake ya ulemavu hutoka kwenye kodi. Tangu Januari 2015, mlipwaji wa kawaida anaruhusiwa kukaa nje ya nchi siku 28 tu ndani ya miezi 12. Akizidisha, malipo yanasimama. Siku 28 hazimtoshi mtu wa Kilombero kwenda kumzika mzazi, kumaliza arobaini na kurudi. Ipo ruhusa, iliyoanza Julai 2012, kwa mwenye ulemavu mkubwa aliyepimwa na kuonekana hataweza tena kufanya kazi: huyo anaweza kulipwa nje bila kikomo. Na ipo ruhusa nyingine kwa mgonjwa ambaye madaktari wamesema siku zake ni chache, anayeondoka kwenda nchi aliyotoka au kuwa karibu na jamaa zake.

Ruhusa hii ya mwisho naomba uisome polepole. Watunga sheria wamekubali kwamba kuwa karibu na ndugu ni sababu halali ya kuondoka na pensheni yako. Ila wameikubali kwa anayekaribia kufa. Kama mikono ya ndugu ni haki ya mtu katika miezi yake ya mwisho, sijaona hoja inayoeleza kwa nini isiwe haki yake miaka ishirini kabla, wakati ambapo mikono ileile ingemwezesha kuishi. Nimeisoma mijadala ya pande zote na bado naona hapo ndipo sheria inapojipinga yenyewe.

Hoja nzito zaidi ya kumfunga mtu nyumbani ni ya kazi: kwamba anayelipwa kwa ulemavu leo anaweza kesho kupata nafuu, kupimwa upya, kufundishwa kazi nyingine, na hayo hayawezekani akiwa ng'ambo. Kwa kijana aliyeumia mgongo na ana matumaini ya kupona, nakubali. Ila hoja hiyo huishia pale daktari anapoandika kwamba hali haitabadilika. Baada ya hapo kinachobaki ni hisia ya mlipa kodi kwamba fedha zake zitumike dukani kwao. Ni hisia ya kibinadamu. Haitoshi kuwa msingi wa sheria.

Marekani ina mipango miwili na imeitofautisha kabisa. Fao la ulemavu la waliochangia kazini huweza kumfuata raia wake karibu popote, lakini asiye raia hukatiwa baada ya miezi sita nje, isipokuwa aangukie kwenye mojawapo ya misamaha. Malipo ya wasio na kipato, yaitwayo SSI, yaliyoanza kutolewa mwaka 1974, husimama kwa karibu kila anayekaa nje siku 30. Hapa msomaji wa Kitanzania ataona mtego. Ili pensheni imfuate bila wasiwasi, mtu wetu anahitaji uraia wa Marekani. Akiuchukua, anapoteza wa Tanzania, kwa sababu hatuna uraia pacha. Basi anarudi alikozaliwa na kiti chake cha magurudumu na pensheni yake, akiwa mgeni wa kuombewa kibali. Sheria mbili, kila moja imetungwa kwa mambo yake, zinakutana mwilini mwa mtu mmoja. Mgongano wa namna hii ndio chakula cha kila siku cha somo letu.

Mfano wa Uswisi unatuhusu Ifakara kwa namna ya pekee. Wakapuchini wa Uswisi walifanya kazi hapa miongo mingi, na mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha Ifakara maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Watu na elimu vimepita kati ya Basel na Kilombero kwa zaidi ya miaka sitini. Mafao hayajapata njia hiyo. Bima ya ulemavu ya Uswisi inamlipa mgeni kwa sharti kwamba anaishi Uswisi, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa hifadhi ya jamii na Uswisi, na Tanzania haina. Mtanzania aliyefanya kazi Basel, akachangia kwa miaka, akapatwa na ulemavu, akirudi Ifakara pensheni ile inabaki nyuma. Mfilipino mwenye historia ileile ya kazi angeondoka na yake, kwa sababu serikali yake ilikaa mezani ikasaini. Ndiyo maana nasema nusu ya somo hili si huruma za nchi tajiri. Ni bidii ya nchi zetu kudai mikataba.

Na sisi wenyewe tuna historia yetu, tena chungu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mashirika ya pamoja ya reli, bandari, posta na simu, na ndege yaligawanyika, na watumishi wakabaki wakiuliza nani atawalipa. Jibu lilichukua miaka saba. Mwezi Mei 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht, nchi tatu zilisaini makubaliano ya kugawana mali na madeni: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kuhusu pensheni, kila nchi ilibeba raia wake. Utaratibu huu ulikuwa rahisi kwa makarani, ukawa mgumu kwa watu, kwa kuwa uraia na mahali pa kazi vilikuwa vimechanganyika: ndivyo shirika la pamoja lilivyotakiwa kuwa. Upande wa Tanzania, wastaafu walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, na Septemba 2005 wakafikia hati ya mapatano na Serikali. Malalamiko hayakuisha hapo. Ukihesabu kuanzia 1977, mtu aliyevunjika nyonga akihudumia reli akiwa na miaka 40 alikuwa na miaka 68 siku ile hati iliposainiwa.

Jumuiya mpya imejaribu kujifunza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, katika ibara yake ya 10 inampa mfanyakazi aliyehamia nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii sawa na raia wa nchi hiyo, na inaliagiza Baraza la Mawaziri litunge kanuni za utekelezaji. Angalia neno lililobeba haki hiyo: mfanyakazi. Mwanamke wa Chita mwenye ulemavu tangu kuzaliwa, ambaye hajawahi kuajiriwa, akiolewa Kenya hana lolote katika ibara ile.

Kwa anayetaka mfano ulio mlangoni, TAZARA ndiyo maabara yetu. Reli hii ya kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inamilikiwa na nchi mbili, na mafundi wake wamejengewa karakana pande zote za mpaka. Tuseme fundi Mzambia anaumia sehemu ya Mlimba, kwenye madaraja na mahandaki, halafu anataka kurudi kwao Mpika. Mkataba wa 19 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, ambao Tanzania na Zambia zote zimeuridhia, unasema mgeni aliyeumia kazini atendewe sawa na raia, bila sharti la mahali anapoishi. Maneno mazuri kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye! Lakini sentensi inayofuata inaacha namna ya kulipa nje ya nchi ipangwe, ikihitajika, kwa maelewano maalumu ya nchi husika, na hapo ndipo haki nyingi zimelala. Mkataba wa 102 wa mwaka 1952, ambao ndio unaotajwa zaidi, ulikuja kurudi nyuma: ibara yake ya 69 inaruhusu fao kusimamishwa muda wote ambao mtu yuko nje ya nchi. Ule wa 118 wa mwaka 1962 na wa 157 wa mwaka 1982 ilijaribu kurekebisha. Kenya iliuridhia wa 118 mwaka 1971. Wa 157 umeridhiwa na nchi za kuhesabu kwa vidole.

Nyumbani Tanzania, aliye katika ajira rasmi anayo mifuko miwili ya kuangalia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango mwaka 2015, hulipa aliyeumia kazini: ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mfuko wake wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, hulipa pensheni ya ulemavu kwa mwanachama ambaye maradhi au ajali vimemwondolea uwezo wa kazi. Mkupuo hauna tatizo la mpaka, kwa sababu mtu ameshaondoka nao. Ndiyo maana utawala hupenda mkupuo, na ndiyo maana mwanafunzi wa somo hili inampasa kuutilia shaka. Fedha ya miaka thelathini ikitolewa siku moja, huwa inamfuata mtu hadi kwenye msiba wa kwanza wa ukoo.

Mkulima mara nyingi hayumo humo. Aliyepoteza mkono kwa mamba mtoni Kilombero anaweza kupata kifuta machozi cha serikali, kinacholipwa mara moja kikaisha. Aliye fukara anaweza kuingia TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini, lakini orodha ya walengwa hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji na malipo hufuata kaya. Kwa hiyo mpaka wa kwanza wa kuuchunguza hauko Tunduma wala uwanja wa ndege; uko kati ya kijiji na kijiji. Zanzibar ilipoanza Pensheni Jamii mwaka 2016, ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, iliwalenga wakaazi. Kenya, kwa ruzuku yake ya wenye ulemavu mkubwa iliyoanza mwaka 2011, nayo huangalia kaya na mahali inapoishi. Tunapoilaumu Canberra kwa siku zake 28, tujue kanuni zetu zimejengwa kwa udongo uleule.

Jambo la uhakiki lisikutishe, ingawa wasimamizi hulitanguliza siku zote. Wanauliza: tutajuaje kama mlipwaji wa mbali bado yu hai? Jibu la zamani ni karatasi. Fomu inatumwa kutoka ng'ambo, inatakiwa isainiwe na mlipwaji mbele ya shahidi mwenye cheo, igongwe muhuri na kurudishwa kabla ya tarehe fulani. Ifuatilie fomu hiyo mpaka Chita. Mlipwaji amepooza upande wa kulia, sasa anasaini kwa mkono wa kushoto, na saini haifanani na ile ya miaka kumi nyuma. Afisa mtendaji anamwekesha dole gumba na kugonga muhuri wa kijiji. Fomu ilitaka hakimu, daktari au wakili. Daktari yuko Ifakara. Nauli ya kwenda na kurudi, na ya msindikizaji, inakula sehemu ya fedha inayohakikiwa. Siku hizi ipo njia nyingine: PSSSF inamwezesha mstaafu kujihakiki kwa simu janja, kwa kupiga picha ya uso, popote alipo. Kinachowezekana kwa mstaafu wa Tanzania kinawezekana kwa pensheni yoyote. Basi uhakiki ni tatizo la ufundi, na halistahili kutumika kama sababu ya kumnyima mtu.

Utakapoanza kusoma, weka mkataba wa 19 na ibara ya 69 ya mkataba wa 102 mezani pamoja, kisha Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 883 ya mwaka 2004, ambayo ndiyo mfumo mpana zaidi wa nchi nyingi kuhesabiana michango. Soma pia hukumu ya mwaka 2010 ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu katika kesi ya Carson dhidi ya Uingereza. Ilihusu pensheni ya uzee ambayo haipandi kwa wastaafu wanaoishi nchi zisizo na mkataba, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwao. Wadai walishindwa, kwa maelezo kwamba anayeishi nje hayuko katika hali moja na anayeishi ndani. Halafu soma ibara ya 28 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ujiulize kama majaji wale wangesema vilevile juu ya mtu asiyeweza kujigeuza kitandani.

Kisha toka maktabani. Nenda siku ya malipo ya TASAF ukakae pembeni na kusikiliza. Zungumza na waliorudi kutoka nje, na zaidi na wanaowahudumia, maana dada na wake na binti ndio wanaojua fedha ilipokatika nini kilikatika pamoja nayo. Ukiruhusiwa, soma barua zote za mfuko kwa mpangilio wa tarehe; barua ya kusimamisha malipo huwa fupi kuliko zote. Utakutana na mtu ambaye amezidisha siku alizoruhusiwa na bado analipwa, kwa sababu ofisi ya kule haijui yuko bondeni. Maandishi yako yanaweza kumfikia anayemtafuta. Usiandike jina lake, usiandike kitongoji, usiandike nchi inayomlipa, hata kama kwa kufanya hivyo sura yako bora ya tasnifu itapungua nguvu.